Kitabu cha Picha na Swali la Mtoto

Yoshua 4:1–7



Waisraeli walipokwisha kuvuka Yordani, Bwana alimwamuru Yoshua achague watu 12, kila kabila mtu mmoja, watwae mawe 12 katikati ya mto, pale miguu ya makuhani iliposimama. Mawe hayo yalisimamishwa Gilgali. Sababu ya amri hiyo imeandikwa papo hapo: siku zijazo watoto watayaona, nao watawauliza baba zao maana yake. Angalieni jinsi Mungu alivyoipanga kazi. Jiwe halina kinywa. Lililopewa ni kumwamsha mtoto aulize. Kujibu aliachiwa baba.

Tumeikumbuka habari hii kwa ajili ya vitabu vya hadithi za Biblia vyenye picha, ambavyo wazazi wengi wa Kikristo huwanunulia watoto wao kabla hawajajua kusoma. Twavisifu vitabu hivi. Wako wazee wanaovionea shaka, nasi hatuwacheki, maana katika lugha yetu neno sanamu lilitumika zamani kwa yote mawili: picha iliyochorwa kitabuni, na kitu cha kuchonga kilichokatazwa katika Kutoka 20. Shaka hiyo Kanisa liliijua mapema. Mwaka 1522, watu wa Wittenberg walipoanza kuziondoa na kuzivunja sanamu makanisani, Martin Luther alirudi kutoka ngome ya Wartburg, akahubiri siku 8 mfululizo, akiwafundisha ya kuwa kosa li katika kuabudu. Tena mwaka 1529 aliongeza katika kitabu chake cha sala picha zipatazo 50, zilizochongwa katika mbao na kupigwa chapa, kuanzia kuumbwa kwa ulimwengu, pamoja na maneno ya kuzieleza. Alisema amefanya hivyo hasa kwa ajili ya watoto na watu wasio na elimu, kwa kuwa hao hulishika jambo kwa picha na mfano kuliko kwa maneno matupu.

Mwaka huo huo ilitoka Katekisimo Ndogo. Sehemu zake kuu zina anwani ya kumwagiza baba wa nyumba awafundishe watu wake, tena haimalizi amri hata moja pasipo kuuliza maana yake. Hilo ndilo swali la Gilgali. Basi picha zile na Katekisimo ni ndugu waliozaliwa mwaka mmoja, na asiyewalea pamoja atawapunguzia nguvu wote wawili.

Siku moja tulikaribishwa katika nyumba ya Wakristo. Mtoto wa miaka 5 alitujia na kitabu chake, akakifunua penye safina ya Nuhu. Twiga walichungulia dirishani, tembo alikuwa akicheka, na upinde wa mvua ulitanda juu. Mtoto akaweka kidole chake penye maji, akauliza, “Mama, na wale watu wengine wako wapi?” Mama akasema, “Hebu funua mbele, mwanangu, umwone simba.” Mtoto akafunua. Hatukumlaumu mama yule, wala hatukunena neno, na kwa kunyamaza huko twajilaumu hata leo. Mawe yalikuwa yamesimama mbele yetu, mtoto ameuliza, na watu wazima watatu tuliokuwamo chumbani hatukujibu.

Ilitupasa kusema nini? Si kumtisha kwa habari za maiti. Lakini kweli yaweza kusemwa kwa maneno madogo: watu wale waliuacha wema, hawakutaka kumsikia Mungu, maji yakawachukua, na moyo wa Mungu ulihuzunika. Tena Nuhu alikuwa mhubiri wa haki, kama Petro asemavyo katika waraka wake wa pili. Kisha tungalimwonyesha waraka wa kwanza, 3:20–21, mtume anapowahesabu watu 8 waliookoka na kuyalinganisha maji yale na ubatizo. “Nawe ulibatizwa, mwanangu, Bwana Yesu amekuingiza ndani.” Mtoto angalilala pasipo hofu. Ametoa swali zito, akapewa simba! Safina isiyookoa mtu katika hatari yo yote ni mashua ya wanyama tu, na mtoto akikua ataiacha pamoja na vitu vyake vya kuchezea. Vivyo hivyo kitabu kirukacho kutoka matawi ya mitende ya Yerusalemu hata kaburi tupu, pasipo msalaba, sisi tusingekinunua, hata picha zake zikipendeza namna gani.

Mtoto huyo huyo husimuliwa jioni hadithi za sungura na fisi. Nazo ni njema, hata sisi tulilelewa nazo. Lakini asikiapo paukwa, hujibu pakawa, naye ajua ya kuwa ni mchezo. Habari za Bwana zisianzwe hivyo. Mtajieni mahali: Bethlehemu, Nazareti, Kapernaumu. Mtajieni na Pontio Pilato, liwali wa Kirumi, ambaye jina lake twalitamka katika Imani kila Jumapili, ili ijulikane ya kuwa mambo haya yalitukia duniani.

Juu ya sura ya Bwana twasema kwa ufupi. Julius Schnorr von Carolsfeld alimaliza picha zake 240 za Biblia mwaka 1860, zikatolewa Leipzig, na watu wake wafanana na Wajerumani. Katika miaka ya 1970 Wakristo Wamafa wa kaskazini mwa Kameruni waliigiza habari za Injili, zikachorwa, na Yesu wao ni Mwafrika. Mtoto aonyeshwe zote mbili kama zapatikana, kisha aambiwe ya kuwa Bwana alikuwa Myahudi wa Galilaya, wala hakuna picha yake iliyochorwa alipokuwa hapa duniani.

Basi, ninyi akina baba na akina mama, jioni moja picha moja yatosha. Mwacheni mtoto aonyeshe kwa kidole chake mwenyewe, wala msimharakishe kufunua. Akiuliza msilolijua, kirini ya kuwa hamjui, mkamwulize mwinjilisti au mchungaji, na kesho yake mmletee jibu. Asikae akingoja bure. Yule mtoto wa safina atatimiza miaka 6 mwezi ujao. Tumemwomba mama yake ruhusa ya kuja tena, na kitabu kiwe kile kile.