Kaka, kumfuga huyu ni dhambi?



Juzi kijana niliyeimba naye kwaya, ambaye sasa anasoma Ujerumani, alinitumia picha. Nikaona tawi na jani kavu, basi. Nikamwandikia, "Mbona jani tu?" Akajibu, "Angalia vizuri, kaka. Lina jicho."

Kumbe ni mjusi wa Madagaska mwenye mkia kama jani. Kuna duka linamuuza, na yeye anamtaka. Akauliza, "Kaka, kumfuga huyu ni dhambi?"

Nilitaka kumjibu haraka, "Hapana, fuga tu." Lakini swali lile limenikaa moyoni wiki nzima.

Hebu tumjue kwanza. Mijusi hawa, ambao wataalamu huwaita Uroplatus, hawaishi porini mahali pengine popote ila Madagaska. Mchana hutulia tuli: wengine wamejibandika kwenye gome la mti, wengine wananing'inia kama jani lililokauka. Hawana kope za kufumba, kwa hiyo hujipangusa macho kwa ulimi. Usiku ndipo huamka na kuwinda wadudu. Mmoja wao, mdogo mwenye vijipembe juu ya macho, Wazungu humwita "mjusi wa kishetani". Tusiwacheke, maana yule wa ukutani kwetu tunamwita mjusi kafiri! Maskini, hajawahi kukana imani yoyote. Kitabu cha Mwanzo kinatuambia kwamba Mungu aliwaona viumbe watambaao kuwa ni wema hata kabla mtu hajaumbwa. Yaani wema wao haukusubiri sisi tuwapende, sembuse tuwanunue.

Sasa, ni dhambi? Katekisimu ya Kanisa haikatazi kufuga. Inakubali wanyama wamsaidie mtu katika kazi na hata katika mapumziko yake. Lakini inafundisha pia kwamba kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe, na kwamba si vema kuwatumia wanyama pesa ambayo ingepaswa kwanza kupunguza shida za watu. Basi jibu fupi ni hili: kufuga si dhambi. Ila dhamiri haiishii kwenye jibu fupi. Nikamuuliza maswali matatu.

La kwanza: ametoka wapi? Wapo wanaozaliwa vizimbani, na wapo wanaokamatwa msituni. Tangu mwaka 2005 biashara yao ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES, kwa hiyo usiridhike na maneno ya muuzaji. Uliza vibali.

La pili: utampa nini? Huyu ni mtoto wa msitu wenye unyevu. Joto kali au hewa kavu vinaweza kumuua, na hapendi kushikwashikwa. Je, utamwamkia kila siku, hata wakati wa mitihani?

La tatu ndilo lililonisumbua: unamtakia nini? Mungu amempa kipaji cha kutoonekana. Sisi tunamnunua ili aonekane! Tunamweka kwenye kioo, tunawasha taa, marafiki wanakuja kupiga picha. Huo ni upendo kwake, au ni upendo kwetu wenyewe?

Rafiki yangu akabisha, na alikuwa na hoja: "Lakini kaka, msitu wenyewe unakatwa. Si bora awe salama kwangu?" Ni kweli unakatwa, kwa ajili ya mashamba na mkaa. Hayati Papa Fransisko alipofika Madagaska mwaka 2019 alilisema hilo wazi, na akakumbusha kwamba watu wengi hufanya hivyo ili waishi tu, kwa hiyo huwezi kulinda msitu bila kuwajali watu wake. Ndiyo maana mimi siwezi kumhukumu mwanakijiji anayemkamata mjusi ili watoto wake wale. Lakini mimi ninayenunua kwa kujifurahisha, nitajitetea kwa lipi? Mjusi mmoja kwenye kioo hauokoi msitu. Kama alitolewa kwenye mti wake, basi pesa yangu ndiyo iliyolipia safari hiyo, na kesho itaagiza mwingine. Kama amezaliwa kizimbani, na unajua kumtunza, sina neno la kukulaumu.

Akaandika, "Nimekuelewa. Ila bado namtamani." Nimependa ukweli wake. Kuvutiwa na uzuri wa kiumbe si kosa. Uzuri huo unatuelekeza kwa Muumba. Kazi ngumu ni kushukuru kwa kitu bila kusema "ni changu". Na jamani, hili si la mijusi tu. Ni wangapi kati yetu tunadhani kumpenda mtu ni kumfungia?

Zoezi la wiki hii: usiku mmoja, mjusi kafiri akitokea karibu na taa, usikimbilie ufagio. Mtazame dakika tano. Mwache aende zake. Kisha sali:

Ee Mungu Muumba, umewatunza viumbe ambao hatujawahi kuwaona. Utufundishe kufurahia kazi ya mikono yako bila kuikamata, na kuwapenda watu na viumbe kwa ajili ya mema yao, si kwa ajili ya raha yetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.