"Si Alichagua Mwenyewe?"



Kuna neno tunalipenda sana, hasa mtu akishaumia: "Si alichagua mwenyewe?" Dada kaenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, kapata shida, tunasema alichagua mwenyewe. Mimi nimelisema mara nyingi. Mwaka wangu wa pili wa falsafa niliandika hata kazi ya darasani kutetea kwamba hiari ni hiari, ukishasaini umesaini, na alama nilizopata zilikuwa nzuri tu. Leo naona niliandika kama mtu ambaye hajawahi kulipa kodi ya nyumba.

Walionibadilisha ni watu waliokufa zamani: vijana wa Ireland waliokuwa mabaharia kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Najua, mtaani kwetu "baharia" ni jamaa yeyote anayejitafutia, na kamusi itakwambia ni mtu wa bahari. Hawa walikuwa mabaharia wa ziwani. Lakini usifikirie bwawa. Ziwa Superior ni kubwa kuliko Ziwa Victoria, maji yake unachota na kunywa, na dhoruba zake zimezamisha meli za chuma.

Walifikaje huko? Mwaka 1845 viazi vilianza kuoza mashambani Ireland. Hadi 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni wameondoka. Kwenye kisiwa kidogo cha Arranmore, pwani ya Donegal, mwenye ardhi mpya aliwafukuza wapangaji wengi. Baadhi ya watu wa kisiwa hicho waliishia Beaver Island, kisiwa kilicho katikati ya maji ya Ziwa Michigan. Walivua samaki, wakaitana ndugu kwa ndugu, na kwa miaka mingi ukipita pale ungesikia Kiairishi. Padre wao, Peter Gallagher, alikaa nao miaka zaidi ya 30. Vijana wa Kiairishi, wa pale na wa miji kama Chicago, Milwaukee na Buffalo, waliingia melini.

Meli zenyewe zilikuwa za matanga. Zilibeba ngano, mbao, makaa ya mawe na mawe ya chuma, na wafanyakazi wake walikuwa wachache, mara nyingi hawafiki kumi. Msimu ulianza barafu ikiyeyuka, kama Aprili, ukafungwa barafu ikirudi, Desemba. Wakati wa baridi baharia hakuwa na meli. Aliyebahatika alikwenda kukata magogo msituni, mwingine alikaa nyumba ya kupanga akila kwa mkopo.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo penye swali. Mshahara haukuwa mmoja mwaka mzima. Kiangazi, ziwa likiwa tulivu, ulikuwa mdogo. Oktoba na Novemba ulipanda, mara mbili au hata zaidi. Kwa nini? Kwa sababu ndio miezi ya kufa. Upepo unabadilika ghafla, maji yanayorukia meli yanaganda juu ya kamba na matanga, unapanda mlingoti kwa vidole usivyovihisi. Novemba 1913, zama za meli za chuma, dhoruba moja ya siku nne iliua mabaharia 250 hivi. Wenye mizigo walitaka safari moja ya mwisho kabla ya barafu, na baharia alitaka pesa ya kuvuka nayo miezi minne bila kazi, tena ya kutuma Ireland, ambako mara nyingi iliishia kwa mwenye ardhi kama kodi.

Basi anapanda meli mwezi Novemba. Hakuna aliyemfunga kamba. Alichagua mwenyewe?

Aristotle alilijadili jambo hili, na mfano wake, bahati nzuri, ni wa baharini: watu wanaotupa mizigo majini ili chombo kisizame. Hakuna mwenye akili anayetupa mali yake kwa kupenda. Lakini kwa saa ile, katika hali ile, mkono unaotupa ni wake. Aliita vitendo vya namna hiyo mchanganyiko. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikaza zaidi: kitendo hicho ni cha hiari kweli, ingawa kwa upande fulani si cha hiari. Darasani niliishia hapo, nikapiga mstari.

Nilichoruka ni kuuliza dhoruba imetoka wapi. Katika mfano wa Aristotle, upepo ni upepo tu, haumpi mtu faida. Baharia wa Novemba alikuwa na dhoruba mbili. Ya ziwani hakuna wa kulaumiwa. Ile ya mfukoni ilitengenezwa na watu: aliyemfukuza shambani, aliyelipa kidogo Julai akijua Novemba atampata tu. Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa 1891, anasema mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa kuogopa baya zaidi anatendewa kwa nguvu na bila haki. Ametia sahihi, na bado ameonewa. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, jambo ambalo mimi nilidhani haliwezekani.

Lakini sitaki pia kumgeuza baharia yule gogo linaloelea. Ukimwambia hakuwa na hiari yoyote, umemnyang'anya hata upendo uliompandisha mlingoti. Mwaka 1878 mabaharia wa Chicago waliunda chama chao, na aliyekiongoza, Richard Powers, alikuwa mzaliwa wa Ireland. Hawakuomba kuonewa huruma. Walitaka bei ipangwe na wao wakiwepo.

Niseme sasa kwa nini nimeng'ang'ania habari hii. Kaka yangu anaendesha lori nchi moja ya Ghuba. Mkataba aliosomewa nyumbani sio aliokutana nao kule. Miezi ya joto kali anaomba saa za ziada, kwa kuwa ndizo zenye pesa. Sehemu ya pesa hiyo ndiyo ilinunua vitabu vyangu, vikiwemo vilivyonifundisha kuandika kwamba hiari ni hiari.

Mwezi uliopita nilimuuliza kwenye simu, "Kaka, hivi wewe ulichagua mwenyewe?" Akacheka. "We dogo, ulivyopokea ile ada uliniuliza?"

Sikumuuliza. Nilimshukuru, nikamwombea, nikaenda kulipa.

Jumapili iliyopita mimi na mama tulimwandikia kwamba msimu huu aziache zile saa za mchana, mahitaji yangu ya muhula nitazungumza na paroko. Ujumbe ameusoma. Bado hajajibu.