Nani Anabeba Maji ya Ua Langu?

Naanza kwa kukiri kosa. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa Songea mjini kwa jamaa miezi michache, natafuta kazi. Kazi sikupata. Nikarudi kwetu Namasakata na vitu vitatu: cheti ambacho bado hakijanifungulia mlango, daftari la riwaya ninayoiandika mpaka leo, na vipande vya mimea vilivyofungwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji.

Pale kwa jamaa, sebuleni, kulikuwa na maniplanti iliyoteremka kutoka juu ya kabati hadi karibu na sakafu, majani yake umbo la moyo. Nilipoiona tu nikasema: chumba cha mwandishi ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Basi nilipofika nyumbani nikatoboa makopo matatu ya mafuta ya kupikia kwa msumari, nikayafunga kamba ya katani, nikayatundika kwenye boriti ya baraza. La kwanza maniplanti. La pili ule mmea wa majani ya zambarau yenye mistari ya rangi ya fedha. La tatu ule wenye majani marefu membamba kama nyasi, unaozaa watoto wake hewani wakaning'inia. Jirani walipita, wakasimama, wakasifu. Nikavimba kichwa.

Kiangazi kikaja. Huku kwetu mvua zikishakatika, miezi inapita bila tone. Kisima cha karibu kikawa cha kugombania, ikabidi watu waende cha mbali. Mchotaji wetu ni mdogo wangu wa kike, miaka kumi na mitatu, akitoka shule. Mimi kila jioni nachukua kata, nusu lita kwa kila kopo, namwagilia. Hesabu ni rahisi: kwa wiki mbili ndoo nzima ya lita 20, na zaidi kidogo. Hesabu hiyo sikuwahi kuipiga. Aliipiga yeye.

Siku moja akatua ndoo, akakaa kwenye ngazi ya baraza, akaniambia, "Kaka, leo nimekwenda kisimani mara tatu. Ya tatu nilikuwa nambebea nani?"

Nilikasirika. Mtu akikosa jibu hukimbilia vitabuni, nami nikakimbilia huko. Nikamwambia kwamba mwanafalsafa mmoja wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliandika mwaka 1790 kuwa ua ni mfano wa uzuri ulio huru. Kwamba tunapendezwa nalo bila kuuliza lina faida gani. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu. Kisha akauliza, "Na huyo Mjerumani wako, maji alikuwa anachotewa na nani?"

Sikuwa na la kusema. Nililazimika kukumbuka kuwa Kant alikuwa na mtumishi, Martin Lampe, aliyemhudumia kwa miaka mingi. Fikra za bwana zimesambaa dunia nzima. Ndoo za Lampe nani anazijua?

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa. Je, nina haki ya kupenda kitu kizuri kisichotia chochote chunguni, ikiwa gharama yake inalipwa na shingo ya mwingine?

Kuna jibu moja jepesi: ng'oa yote, panda mchicha. Nililifikiria, nikalikataa. Mama yangu akinunua kanga hachukui iliyo karibu. Anafunua moja baada ya nyingine, anatazama maua yake, anasoma maneno yake. Anafagia uwanja mpaka fagio linaacha michoro mchangani, na mchoro haushibishi mtu. Anayesema maskini anahitaji ugali tu, huyo hamtetei maskini. Anamshusha.

Jibu la pili jepesi ndilo nililokuwa nikiishi nalo: uzuri ni uzuri, usiulizwe umetoka wapi. Nalo nalikataa, na mfano upo hapahapa nchini. Mwaka 1892, katika milima ya Usambara, ofisa wa utawala wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikuta ua dogo la zambarau, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, jina la hao wawili. Leo ua hilo limekaa madirishani Ulaya na Marekani, na ziko aina zake zinazotambaa ambazo watu huzitundika. Lakini kule Usambara misitu imekatwa sana, na aina kadhaa za porini ziko hatarini kutoweka. Aliyeishi chini ya msitu ule jina lake halimo katika ua. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf akaleta mkonge kutoka Florida, na inasemekana ni miche 62 tu iliyofika hai. Ua likaenda kupamba, mkonge ukaja kukatwa kwa jasho la watu wetu. Na kamba ya makopo yangu ni ya katani.

Basi sidai kwamba uzuri ni dhambi. Nasema una bei, na mwenye kuufurahia anapaswa kuijua, na kuilipa mwenyewe kadiri anavyoweza.

Tangu siku ile nachagua mimea kwa macho mengine. Wewe wa mjini mwenye bomba ndani usicheke, maana bomba nalo hukauka. Kwanza nauliza: unakunywa kiasi gani? Kopo linaloning'inia hupigwa na upepo pande zote, hukauka upesi kuliko chungu cha chini. Lakini pia nilijifunza jambo la aibu: mimea yangu haikuhitaji maji kila siku. Ukichomeka kidole ukakuta udongo bado mbichi, acha, mizizi huoza. Kumbe sehemu ya maji yale mdogo wangu aliyabeba bure kabisa! Yule wa majani membamba ana mizizi minene inayohifadhi maji, anavumilia kusahauliwa, na asili yake ni hapahapa Afrika. Pili nauliza: unaweza kumdhuru nani? Maniplanti, iliyotoka kisiwa cha Moorea huko bahari ya Pasifiki, utomvu wake huwasha na kuvimbisha kinywa. Mkia wake ukifika chini, mtoto anayetambaa atautafuna, na mbuzi pia. Nimeipandisha juu na kuikata ncha. Tatu: unataka mwanga kiasi gani? Ule wa mistari, mwenyeji wa Meksiko, ukiuficha gizani mistari hufifia, na hapo utakuwa umebeba maji ya kitu usichokiona.

Maji sasa nabeba mwenyewe, dumu moja kwenye baiskeli. Mengine ni yale yaliyooshea mchele.

Ungedhani mambo yameisha. Hayajaisha. Usiku mmoja nilikuwa naandika, koroboi mezani, nikasikia mama akikohoa chumba cha pili. Alikuwa ametoka kupalilia mikorosho tangu alfajiri. Nikaangalia daftari langu. Riwaya nayo haiingii chunguni. Na mimi, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, nakula ugali nisioulima ili niandike. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kopo la nne katika baraza la mama lilikuwa ni mimi.

Sikuichana riwaya. Ningekuwa nimerudia jibu la mchicha. Ila asubuhi sasa niko shambani mpaka jua likali, na kalamu naishika usiku. Kurasa zimekuwa chache. Sijui kama ni bora. Najua tu kwamba sioni tena haya mama akiniuliza nimefika sura ya ngapi.

Wiki iliyopita niliona kitu dirishani kwa mdogo wangu. Amekata mtoto mmoja wa ule mmea wa majani membamba, akaupanda kwenye kikombe kilichovunjika mkono, akautundika kwa uzi. Udongo ulikuwa mbichi. Sikumuuliza maji katoa wapi.

Nawe mwenzangu unayeandika, hebu angalia juu ya kabati lako. Kilichoning'inia hapo, nani anakibebea maji?