Je, Ni Halali Kumtisha Mtoto Ili Amjue Mola Wake?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. 

Ndugu zangu wanafunzi, likizo iliyopita nilirudi nyumbani Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Kama ilivyo desturi kwa wengi wetu tunaosoma taaluma za Kiislamu, niliombwa nisaidie kufundisha katika madrasa moja ya jirani. Nikapewa darasa la wadogo, watoto wa miaka mitano hadi saba, walioko kwenye sura fupi za Juzuu Amma. Nilidhani nimepewa kazi nyepesi.

Siku moja walizidisha kelele. Nikafunga msahafu, nikaanza kuwasimulia adhabu ya kaburi, na moto unaomngoja mwenye kucheza Qur'ani ikisomwa. Darasa lilinyamaza. Nikajisifu moyoni kwamba nimewaweza bila hata kushika bakora.

Siku nne baadaye alikuja mama wa mtoto mmoja wa miaka sita. Alisimama mlangoni, akaniamkia kwa adabu, kisha akasema: "Ustadhi, mwanangu halali. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Kila siku ya madrasa anashika tumbo. Usiku ananiuliza: mama, nikifa leo na sura yangu sijaihifadhi, itakuwaje?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo leo naliweka mbele yenu: je, inafaa kumtia mtoto hofu ili ajifunze dini? Na mtoto ambaye hofu imeshamshika, sisi tuna wajibu gani kwake?

Nianze na neno lenyewe. Sisi Waswahili tunasema "mtoto ana wasiwasi". Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na ndilo tunalokutana nalo katika Suratun-Nas, sura ambayo watoto huhifadhi mapema kabisa. Kwa hiyo mtu akisikia wasiwasi, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwa shetani. Bibi wa mtoto huyu alishauri asomewe na anywe kombe. Jirani akasema ni jini. Mwingine akasema mtoto ana imani dhaifu. Imani dhaifu, kwa mtoto wa miaka sita! Sipingi kisomo, kwani dua ni silaha ya Muumini. Lakini neno moja limebeba mambo mawili, nasi tumeyachanganya. Kuna minong'ono ya shetani inayomvuta mtu mzima kwenye maasi, na kuna hofu ya mwili na moyo inayompata mtoto anapoona jambo linamzidi nguvu. Hii ya pili si dhambi, wala si dalili ya imani ndogo.

Hofu hii hukaa mwilini. Moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho, tumbo husokota. Mtoto anaposema tumbo linamuuma, mara nyingi hasemi uongo, linamuuma kwelikweli. Hana maneno ya kusema "naogopa kukosea mbele ya wenzangu", kwa hiyo mwili unasema badala yake. Mwingine humng'ang'ania mama, mwingine hukasirika ovyo, mwingine huuliza swali lile lile mara kumi. Sisi tunamwita mdekaji au mkaidi.

Najua wako watakaonijibu: kumcha Mwenyezi Mungu ni nguzo ya ibada, vipi tuwafiche watoto habari za moto? Hoja hii ina uzito, na siwezi kuikwepa. Lakini wanazuoni wametufundisha kwamba hofu na matumaini ni mbawa mbili za ndege mmoja. Hofu ya mja kwa Mola wake humfanya amkimbilie Yeye. Hofu niliyoipanda mimi ilimfanya mtoto aikimbie madrasa. Matunda yake yalinionyesha kwamba sikupanda nilichodhani. Isitoshe, tunajua sote kwamba kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Ikiwa Mwenyezi Mungu mwenyewe hajamwandikia dhambi, mimi nilipata wapi ruhusa ya kumwandikia adhabu?

Kuna hadithi mashuhuri ya Maswahaba waliochukua kitu cha mwenzao aliyelala, naye akashtuka alipoamka. Wao walikuwa wakifanya mzaha. Mtume (s.a.w.) akawaeleza kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Yule alikuwa mtu mzima, na hofu yake ilikuwa ya dakika moja tu. Basi mtoto anayekesha siku nne hukumu yake ni ipi?

Hoja ya pili niliisikia kwa baba wa mtoto. Aliniambia: "Ustadhi, sisi tumekua wakati wa vita vilivyoanza 1993. Tumelala chini ya vitanda risasi zikilia. Huyu anaogopa kusoma sura?" Sikumbishia, kwani ni mkubwa wangu, na aliyoyapitia si madogo. Lakini mkewe alicheka kidogo, akasema: "Na mpaka leo unaamka usiku mara mbili kuangalia kama mlango umefungwa." Mzee akanyamaza, kisha naye akacheka. Hofu isiyohudumiwa haiishi kwa sababu mtu amekua. Hutafuta tu mlango mwingine wa kutokea.

Ibn Khaldun katika Muqaddima yake ameeleza kwamba ukali kwa wanafunzi, hasa wadogo, huwadhuru: huwafundisha uvivu, uongo na kuonyesha nje kile kisichokuwa ndani, kwa kuogopa mkono wa mwalimu. Mwanazuoni huyu alifariki mwaka 1406. Kwa hiyo anayedai kwamba kuwahurumia watoto ni fikra tuliyoletewa na wageni, arejee vitabu vyetu.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, na ni lazima niliseme. Yule mama, kwa huruma, alitaka amwachishe mtoto madrasa kabisa mpaka akue. Nilitamani kukubali, maana ingenipunguzia aibu. Lakini mtoto akiepushwa kila anachokiogopa, hofu haipungui. Hujifunza kwamba kumbe kile kitu kilikuwa cha hatari kweli, ndiyo maana wakubwa wamemkimbiza. Kesho ataogopa shule, keshokutwa ataogopa kutoka nyumbani.

Njia ya kati niliiona katika kisa cha Nabii Musa (a.s.). Alipotumwa kwa Firauni hakuficha hofu yake. Aliomba kifua chake kikunjuliwe na fundo la ulimi wake lifunguliwe, na akaomba apewe ndugu yake Harun awe pamoja naye. Tazameni majibu aliyopewa. Mwenyezi Mungu hakumlaumu kwa kuogopa. Hakumwondolea kazi pia. Alimpa aliloliomba, akampa mwenzake wa kwenda naye, na akawahakikishia wote wawili kwamba Yeye yuko pamoja nao, anasikia na anaona. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alihitaji Harun, mtoto wa miaka sita atakosaje kuhitaji mtu wa kumshika mkono?

Basi tukafanya hivi. Kwanza nilimwomba mtoto msamaha mbele ya mama yake, nikamwambia kwamba nilikosea, na kwamba Mola wake anampenda. Wiki ya kwanza mama alikaa naye barazani, mtoto akisikiliza tu. Kisha akawa ananisomea mimi peke yangu, aya moja, darasa likishatoka. Kisha mbele ya rafiki yake mmoja. Akikwama, sikumkatiza, tulivuta pumzi taratibu tukaanza upya. Alipouliza tena habari za kufa usiku, sikumwambia "acha upuuzi". Nilimuuliza anaogopa nini hasa, nikamsikiliza mpaka mwisho. Hilo nilijifunza kwa Mtume (s.a.w.), ambaye alipomkuta mtoto Abu Umayr akihuzunika kwa kufiwa na kindege chake, alimuuliza habari za kindege hicho. Hakumwambia kuwa ni ndege tu.

Pia nilimwambia mama kwamba kama usingizi, chakula au shule vingeendelea kuharibika kwa majuma mengi, ampeleke kwa mtaalamu wa afya. Tumfunge ngamia, kisha tutawakali.

Nisiwadanganye kwamba mambo yote yamekwisha. Nilipoondoka Buyenzi alikuwa analala, na kitanda kilikuwa kikavu. Lakini mbele ya darasa zima alikuwa bado hajasoma. Na ninapomkumbuka najiuliza kama siku moja atasoma aya za moto bila kunikumbuka mimi. Sijui. Maneno niliyoyasema kwa dakika tano ili nipate utulivu, yeye ameyabeba kwa wiki nyingi.

Ndugu zangu, wengi wetu tutatoka hapa tuwe walimu wa madrasa, maimamu, na in shaa Allah wazazi. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi, tangu akiwa mtoto, na akashuhudia kwamba hakuwahi kuguniwa hata mara moja. Anas huyo ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa Hadithi. Hakulelewa kwa vitisho, na wala elimu haikumpita.

Likizo ijayo nitarudi darasa lile lile la wadogo, nikikubaliwa. Wakipiga kelele, nitasubiri.

Wabillahi tawfiq.