Kinachodumu Beuron

Kusini mwa Ujerumani, mahali mto Danube unapopita kati ya magenge ya mawe ya chokaa, ipo Abasia ya Beuron. Katika karne ya 11 ilikuwa nyumba ya makanoni wa Mtakatifu Augustino. Mwanzoni mwa karne ya 19 mali za Kanisa zilitaifishwa na makanoni wakaondolewa. Majengo yalibaki miaka sitini hivi bila jumuiya ya watawa, hadi mwaka 1863, ndugu wawili, Maurus na Placidus Wolter, kwa ufadhili wa Katharina wa Hohenzollern, walipoanza upya kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Watu wengine, kanuni nyingine. Kwa haki gani basi twaihesabu kuwa monasteri ileile ya kale?

Naamini monasteri huishi katika nadhiri, yaani ahadi ambayo mtu aliye hai anaiweka leo na kuamka nayo kesho alfajiri. Kuta huitumikia ahadi hiyo, haziwezi kuiweka. Mwaka 1875 serikali ya Prussia iliwafukuza Wabenediktini wa Beuron; wakaishi ugenini, wakisali pamoja, hadi waliporudi mwaka 1887. Katika miaka hiyo Beuron ilikuwa pale walipokuwa wao. Tena Andreas Amrhein, mmonaki aliyetoka humo, alianzisha mwaka 1884 shirika la wamisionari la St. Ottilien, na kutoka shirika hilo zikazaliwa monasteri za Peramiho (1898) na Ndanda (1906) katika Tanzania ya leo, mbali kabisa na Danube.

Atakayenipinga atauliza: kama mahali si kitu, mbona walirudi bondeni kulekule? Hoja ni nzito. Mbenediktini huahidi pia kudumu katika jumuiya yake, na jumuiya haiishi hewani; mahali palipozoea sala huwaita watu, ila hapawezi kuitikia wito kwa niaba yao. Mwingine atakumbusha kwamba wamisionari hao walikuja chini ya kivuli cha ukoloni wa Kijerumani, na kwamba Peramiho ilichomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Ni kweli, na lawama hiyo haifutiki. Lakini utawala ule uling'oka, na leo Watanzania wenyewe wanaweka nadhiri Peramiho na Ndanda, bila dola yoyote kuwalazimisha. Huko Beuron nako wageni hupokelewa, na taasisi iliyoanzishwa mwaka 1945 huchunguza tafsiri za kale za Biblia kwa Kilatini. Kazi hiyo wasomi wangeweza kuifanya chuoni. Sala za vipindi zinahitaji wamonaki.