Kuhukumu na Kuhurumia

Katika mambo ambayo mwanadamu huyafanya kwa urahisi mkubwa, kumhukumu mwenzake ni mojawapo. Kuhukumu hakutaki elimu, wala mali, wala nguvu; kunataka ulimi tu. Kuhurumia ni kazi nyingine. Kunataka macho yanayotazama mara ya pili, masikio yanayosikiliza mpaka mwisho, na moyo uliokubali kwamba haukuumbwa bora kuliko mioyo ya wengine. Kwa hiyo unyenyekevu ni mama wa huruma. Mtu ajionaye yu juu ya wenzake aweza kuwatupia sadaka, lakini hawezi kuwahurumia.

Swali letu, msomaji kijana, ni hili: imani ya dini humfundisha mtu kuwahukumu wenzake, au humzuia? Wako watu wanaodhani kwamba kadiri mtu anavyomcha Mungu, ndivyo anavyopata haki ya kutaja dhambi za majirani. Hebu tulipime wazo hilo kwa habari za Ayubu, mtu ambaye Wakristo na Waislamu pia humheshimu kwa subira yake.

Ayubu alipoteza mali, watoto na afya. Biblia yasimulia kwamba rafiki zake watatu walipokuja kumpa pole, walikaa naye chini juma zima bila ya kutamka lolote. Hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Walipofumbua vinywa waliiharibu. Walishika hoja moja, wakaizungusha kwa maneno mengi: Mungu ni wa haki, wewe unateswa, basi hapana budi umekosa. Maneno yao yalikuwa na sura ya ibada, nayo yalikuwa ya uongo. Mwisho wa kisa, Mungu aliwakasirikia hao waliojifanya mawakili wake, na yule waliyemshitaki ndiye aliyewaombea msamaha.

Rafiki za Ayubu hawakufa bila ya warithi. Tazama mwambao wa Ziwa Victoria, katika vijiji vya Kisegi na jirani zake, nchi ambayo leo imo katika kaunti za Homa Bay na Migori. Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI alitambuliwa mwaka 1984, na mwaka 1999 serikali ilitangaza kwamba maradhi hayo ni janga la taifa. Mwambao huu uliumia kupita sehemu nyingine nyingi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Homa Bay karibu 20 walikuwa na virusi, ilhali kwa Kenya nzima walikuwa karibu 5.

Mgonjwa alipoanza kukonda, majirani walikuwa na maelezo mawili tayari. Wengine walisema ni chira, yaani adhabu ya kuvunja miiko ya ukoo kama Wajaluo waaminivyo tangu kale. Wengine walisema ni ghadhabu ya Mungu kwa mzinzi. Mila na mimbari, ambazo mara nyingi hazipatani, hapo zilipatana: zote mbili zilimwambia mgonjwa kwamba mwili wake ni shahidi dhidi ya nafsi yake.

Je, hukumu hiyo ilimponya nani? Haikumponya hata mmoja. Ilifunga milango. Aliyeogopa kuitwa mwenye dhambi aliogopa pia kupimwa, na asiyepimwa hakujua la kumkinga mkewe wala mtoto wake. Mwaka 2001, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila ya malipo katika hospitali ya Homa Bay. Leo mtu azitumiaye kila siku, mpaka virusi vikawa haba hata havionekani katika kipimo, huishi miaka mingi, wala hamwambukizi mwenzake katika ndoa. Lakini dawa haina miguu. Yamlazimu mgonjwa kutoka nyumbani kuifuata, naye hawezi kutoka ikiwa njia nzima imepangwa vidole vya kumnyoshea. Maneno ya majirani yaweza kuua, hata pale ambapo dawa yaweza kuponya maisha.

Huenda ukasema, “Wako waliopata maradhi bila ya kosa: mjane mwaminifu, mtoto mchanga. Hao tuwahurumie.” Wazo hili lina sura ya wema, lakini ndani yake mna mtego. Amwulizaye mgonjwa aliyapataje maradhi kabla ya kumpa pole amekwisha kukaa katika kiti cha hakimu. Mashua ikipinduka ziwani, mvuvi haulizi kama aliyezama alionywa juu ya upepo. Hutupa kamba. Maswali yana wakati wake, na wakati wake si huo.

Tena, aketiye katika kiti hicho huona machache. Katika fuo za ziwa umekuwako mtindo uitwao jaboya: mwanamke mchuuzi hatakiwi fedha tu ili apate samaki, hutakiwa pia kumtolea mvuvi mwili wake. Wanawake hao walisemwa sana. Waliowasema hawakuuliza sana juu ya mvuvi, wala juu ya watoto wenye njaa, wala juu ya mwenye mashua. Tangu mwaka 2011, katika ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, baadhi ya wanawake walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe, ili wasipige magoti mbele ya mtu kwa ajili ya samaki. Kilichoitwa upotovu wa moyo kilionekana kuwa, kwa sehemu kubwa, ni uhaba wa mashua.

Basi, je, tusitofautishe jema na baya? La, hasha. Mwalimu husahihisha, mzazi huonya, mahakama huamua kwa ushahidi. Bila ya haya jamii huoza. Lakini kusema tendo hili ni baya ni jambo moja, na kusema mtu huyu ni mbaya ni jambo jingine. Tendo huonekana, moyo hauonekani. Muumini wa kweli, ajuaye kwamba yuko Mmoja tu aonaye mioyo, angepaswa kuwa mtu wa mwisho kuudai ujuzi huo. Imani inayomfanya mtu akumbuke makosa ya jirani na kusahau yake imegeuzwa juu chini, kama kioo kilichoelekezwa ukutani.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Wewe uliye na afya, karo na wazazi hukuvinunua vitu hivyo kwa wema wako. Darasani mwako huenda yupo mwenzako anayemeza dawa kila jioni kwa siri, au aliyeacha kucheza tangu baba yake alipofariki. Usimtafutie sababu. Kaa karibu naye kama walivyokaa rafiki za Ayubu katika juma lile la kwanza, na ulimi wako ukiwashwa na shauku ya kueleza kisa chake, uuzuie. Ukiweza kumsaidia, msaidie. Usipoweza, nyamaza naye. Kunyamaza huko ni ibada.