Kule Paje, Kiswahili Kinapitia Mlango wa Jikoni

Mlinzi wa mkahawa alimtazama kuanzia ndala hadi mkoba wa mgongoni, kisha akamwuliza kwa upole, bila chembe ya ubaya: "Dada, umekuja kwa ajili ya kazi? Meneja katoka."

Mwanamke huyo, mhasibu wa Tanga, alikuwa amekuja kunywa chai. Alikuwa Paje, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, kwa likizo ya siku nne aliyoidunduliza tangu Januari. Kabla hajajibu, vijana wawili wa Kizungu wakampita, peku, vifua wazi, wamebeba mikoba mikubwa kuliko wake. Hao hawakuulizwa kitu. Walifunguliwa mlango wakaingia.

Naye akaingia, maana watu wa Tanga si wepesi wa kufukuzwa mezani. Akaletewa menyu. Kuanzia juu hadi chini ni Kiingereza, na bei zote ni za dola. Pweza yumo, kibua yumo, hata chapati imo, lakini kila kimoja kimepewa jina la ugenini. Mhudumu, kijana aliyetoka Mwanza kutafuta riziki, alimsemesha Kiingereza mpaka aliposikia, "Niletee chai ya tangawizi, mdogo wangu." Wakacheka wote wawili. Kicheko kikaisha, ila lile swali la mlangoni likabaki limemkaa kooni kama mwiba wa changu.

Si haki kusema Paje ilimchukiza. Safari yenyewe ilimfurahisha: daladala kutoka mjini, kilomita 50 hivi, inakatiza msitu wa Jozani wanamoishi kima punju. Ndani ya daladala bibi mmoja wa Jambiani aliupakata mkoba wake bila kuombwa, akamwuliza habari za mihogo ya Tanga. Pwani nayo haihitaji mpambe. Mchanga ni mweupe kama unga wa sembe, na kusi la Julai lilikuwa likivuma sawasawa. Huo ndio upepo unaowaleta vijana wa dunia nzima kuteleza juu ya maji huku wakivutwa na matiara makubwa. Wanalala kwenye gesti za vitanda vya kupangana, wanashiriki sabuni, wanasimuliana safari. Mhasibu aliwapenda. Ni watu wa bajeti ndogo kama yeye.

Jioni papasi mmoja, mchuuzi wa bangili, alimfuata ufukweni: "Jambo, sista!" Akamjibu, "Sijambo, hujambo nawe?" Kijana akashika kichwa. "Kumbe mwenyeji! Samahani dada, nilidhani mgeni."

Basi mlangoni alikuwa mtafuta kazi, ufukweni akawa mgeni wa kuuziwa bangili. Katika siku nne hakuna aliyemkadiria alivyo: Mtanzania aliye likizoni, mwenye pesa yake mfukoni.

Asubuhi ya tatu maji yalipokupwa, aliwaona wanawake wakishuka baharini na kamba na vigingi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na Paje na Jambiani ndizo zilizotangulia, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake. Wanafuata bamvua, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, wanasubiri wiki sita hivi, wanavuna na kuanika. Mwani ukishasindikwa nje huingia katika dawa ya meno na aiskrimu. Aina iliyokuwa ikilipa zaidi, kotonii, imekuwa ikifa kadiri maji ya kina kifupi yanavyozidi joto. Waliobaki wengi wanalima spinosamu, ambayo kilo yake kavu haifiki bei ya kikombe kimoja cha kahawa katika ule mkahawa wa mlinzi.

"Shikamoo bibi," alimsalimu mmoja wao.

"Marahaba mwanangu. Pita huku, huko utakanyaga kamba."

Hayo ndiyo maelekezo pekee kwa Kiswahili aliyopewa Paje kama mgeni. Kutoka kwa mwanamke aliyezama hadi magotini.

Atatokea msomaji wa kusema: huyu mhasibu ana deko. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 kutoka nje mwaka 2024, na sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wasiofika 1,900,000. Utalii ndio unaolisha visiwa. Mkahawa unaandika lugha ya anayelipa, na mlinzi naye amezoea: kila siku wanamjia vijana wa bara wenye mikoba wakiomba kazi. Kosa liko wapi?

Hoja hiyo ina uzito, na mlinzi asionewe. Alisema alichofundishwa na macho yake. Lakini hakuna aliyesema Kiingereza kifutwe. Kinachodaiwa ni mstari wa pili chini yake. Na huyu mwanamke naye alikuwa analipa! Alilipa chai, akalipa na pweza, baada ya kugeuza dola kuwa shilingi kwa kikokotoo cha simu ndani ya nchi yake mwenyewe. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma nchini kutangazwa kwa fedha za kigeni. Mhasibu alizifahamu, ndiyo kazi yake. Hakuzitaja, kwa kuwa alikuwa likizoni.

Zaidi ya hapo, huku si mahali popote tu. Wataalamu wa enzi ya ukoloni walipotafuta lahaja ya kusanifishwa, walichagua Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia katika Afrika Mashariki. Kiswahili anachofundishwa mtoto wa Kigoma au Kisumu kina msingi katika kisiwa hiki. Mwaka 2021 UNESCO ikaitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mhasibu aliondoka Paje siku hiyo ilipoadhimishwa. Mjini kulikuwa na hotuba. Kule mkahawani, Kiswahili kilisikika jikoni, getini na kwenye mabeseni ya kufulia mashuka, mezani hakikuwepo.

Lawama hii haimhusu yule kijana peku, aliyekuta mlango wazi akaingia. Inamhusu anayechapisha menyu, anayempa mlinzi maelekezo, na anayeamini kuwa Mswahili akifika hotelini amekuja kufagia. Watanzania wanasafiri sasa, wengine kwa mikoba ya mgongoni, na hawaombi punguzo. Wanaomba wakaribishwe.

Wenye mikahawa ya Paje, Julai ijayo haiko mbali. Andikeni pweza kuwa pweza, na bei yake kwa shilingi. Anayetaka kwa Kiingereza atageuza ukurasa. Karatasi moja, pande mbili, inatosha.